Bunduki nyepesi ya kuwindia ya zamani: Featherweight, Savage 99, Mannlicher, au mpya ya dukani?

Mwindaji wa kulungu aliyeko Marekani au Kanada leo anaweza kuingia dukani na kutoka na bunduki mpya yenye uzito usiofika kilo 3, yenye kitako cha plastiki kisichoogopa mvua, kwa bei ambayo kwa kawaida haifiki dola 1,000. Kwa hiyo anayefikiria kununua bunduki nyepesi iliyotengenezwa miaka 60 au 100 iliyopita anapaswa kwanza kujiuliza anatafuta nini, kwa sababu hoja inayotangulizwa na wauzaji wengi, yaani wepesi, ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bunduki ya kilo 2.95 ilikuwa habari ya kutangazwa; siku hizi ni jambo la kawaida. Anayenunua ya zamani kwa ajili ya mizani peke yake atalipa zaidi ili apate kilekile.

Sababu nyingine zipo, na baadhi zina nguvu: namna uzito ulivyogawanywa kati ya mikono miwili, ulaini wa mtambo unaoingiza na kutoa risasi, ubora wa chuma na ubao, na ukweli kwamba bunduki ya aina hii ikinunuliwa kwa akili haipotezi bei yake haraka kama mpya. Ili sababu hizo zipimwe, nimeziweka pamoja bunduki tatu za zamani ambazo mnunuzi hukutana nazo mara nyingi katika soko la Amerika Kaskazini, nazo ni Winchester Model 70 Featherweight ya kabla ya 1964, Savage 99 na Mannlicher-Schönauer, kisha nikaweka kando yake Tikka T3x Lite ya Ufini iwakilishe kundi la mpya. Remington 600 nitaitaja pia, lakini kwa sababu ya tahadhari zaidi kuliko sifa.

Uzito wenyewe, na mahali unapokaa

Featherweight ilitoka mwaka 1952 katika kiwanda cha Winchester cha New Haven, Connecticut, pamoja na risasi mpya ya mwaka huohuo, .308 Winchester. Model 70 ya kawaida, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Kiwanda kilipunguza zaidi ya nusu kilo kwa njia ambazo mnunuzi anaweza kuziona kwa macho: mtutu ulifupishwa hadi inchi 22 na kuchongwa uwe mwembamba, kikingio cha kifyatulio na kifuniko cha chini ya magazini vikatengenezwa kwa alumini badala ya chuma, na ubao wa kitako ukatobolewa ndani, mahali panapofunikwa na bamba la nyuma. Mwili wa chuma na bolti, yaani kipande kinachosukumwa kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu, havikuguswa. Hata ile ya .308, ambayo risasi yake ni fupi, ina mwili mrefu uleule wa .30-06, ila ndani ya magazini kumewekwa kizuizi. Anayeamini kwamba akichagua Featherweight ya .308 atapata mtambo mfupi na mwepesi zaidi anajidanganya.

Savage 99 ya aina ya F, iliyoitwa pia nyepesi na kuanza kuuzwa mwaka 1955, inakaribia uzito huohuo wa kilo 2.95, na karabini (bunduki fupi) ya Mannlicher ya mwaka 1903 yenye mtutu wa takriban sentimita 45 iko karibu na kilo 3. Tikka T3x Lite inapimwa kilo 2.9 hivi. Kwa maneno mengine, zote nne ziko sawa kabla ya kufungwa darubini, na tofauti iliyopo haizidi uzito wa risasi chache mfukoni.

Darubini na vishikio vyake huongeza takriban nusu kilo, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana. Bunduki yenye kitako chepesi cha plastiki, ikishafungwa darubini kubwa, huwa na uzito mwingi juu na mchache chini, na mwindaji huhisi ikitaka kupinduka mkononi. Featherweight yenye darubini ndogo iliyofungwa karibu na mtutu hutulia, kwa kuwa ubao wa mjozi ulioko chini unasawazisha kilichoko juu. Savage 99 bila darubini haina mfano kwa kubebwa: haina sanduku la magazini linalochomoza, kwa hiyo kiganja huzunguka tumbo la bunduki pale hasa ilipo katikati ya uzito wake, na mtu anaweza kutembea nayo mkono mmoja tangu alfajiri. Ikishafungwa darubini, sehemu kubwa ya raha hiyo hupotea. Ndivyo ilivyo kwa Mannlicher pia, na pengine zaidi.

Wepesi una gharama yake begani. Ukipunguza uzito wa bunduki kwa moja ya tano huku risasi ikibaki ileile, nishati inayorudi begani huongezeka kwa robo nzima. Hiyo ni hesabu ya fizikia, haijali sifa ya kampuni wala umri wa bunduki. Featherweight ya .30-06 yenye bamba gumu la nyuma hupiga teke kali kuliko wengi wanavyotarajia, na mtu anayeogopa teke huanza kufumba jicho kabla ya kufyatua. Kwa sababu hiyo, katika bunduki za uzito huu, kaliba (vipimo vya risasi) za .243, .250 Savage, .270 na .308 zinamfaa mwindaji wa kulungu kuliko zile zenye nguvu zaidi. Mtutu mwembamba nao hupata joto upesi, na baada ya risasi tatu au nne mfululizo alama kwenye shabaha huanza kuhama. Kwa anayewinda hilo si neno, kwani kulungu hasubiri risasi ya nne. Kwa anayetaka kushinda siku nzima uwanjani akilenga karatasi, ni sababu tosha ya kutafuta bunduki nyingine.

Mtambo

Hapa Featherweight ya kabla ya 1964 inastahili maneno mengi, kwa sababu bei yake yote imejengwa juu ya mtambo huo. Bolti ina kucha ndefu ya chuma ubavuni, kwa mtindo wa bunduki za Kijerumani za Mauser, inayoikamata risasi mara tu inapotoka magazini na kuishikilia hadi ganda lake litupwe nje. Mwindaji akisukuma bolti nusu kisha akabadili nia na kuirudisha, risasi hurudi nayo. Haiachwi ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ikisubiri risasi ya pili ije kuigonga. Kucha hiyo pia ni pana, kwa hiyo ganda lililonasa kwa uchafu au baridi hung'olewa kwa nguvu. Loki ya usalama ina hatua tatu, na ile ya katikati humruhusu mtu kufungua bolti na kutoa risasi huku pini ya kufyatulia ikiwa imezuiwa. Kifyatulio ni sahili, kina vipande vichache, na fundi yeyote anayejua kazi anaweza kukirekebisha kikawa chepesi bila kukitia hatarini.

Mwaka 1964 kampuni ilibadilisha muundo ili kupunguza gharama. Kucha ndefu iliondolewa, nakshi za kushikia zilizokuwa zikichongwa zikaanza kugandamizwa kwenye ubao kwa mashine, na wawindaji wakakasirika kiasi kwamba maneno "kabla ya 64" yamekuwa daraja la bei hadi leo. Njia rahisi ya kujua ni namba: bunduki za muundo mpya zilianzia namba 700,000, na zilizo chini yake ni za muundo wa zamani. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba bunduki za baada ya 1964 hufyatua na kuua kulungu sawasawa, na kwamba Winchester yenyewe ilirudisha kucha ndefu katika miaka ya 1990. Mwenye kuutaka mtambo huo kwa matumizi, asiyejali mwaka, anaweza kuununua ukiwa na umri mdogo zaidi na akaokoa fedha.

Savage 99 ni kitu kingine kabisa. Arthur Savage aliubuni mtambo wake mwishoni mwa karne ya 19, na ulitengenezwa kwa takriban miaka mia moja. Hutumia wenzo chini ya mkono badala ya mkono wa bolti, na risasi zake hukaa katika magazini ya duara inayozunguka ndani ya mwili, si katika bomba refu chini ya mtutu. Tofauti hiyo si ya sura tu. Katika bomba, ncha ya risasi moja hugusa kitako cha nyingine, na risasi yenye ncha kali inaweza kuilipua iliyo mbele yake; katika magazini ya Savage hilo halitokei, na ndiyo maana bunduki ya wenzo iliweza kutumia risasi za ncha kali zinazokwenda mbali. Mwaka 1915 ilikuja .250-3000, iliyobuniwa na Charles Newton, ambayo jina lake linatangaza kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, na mwaka 1920 ikaja .300 Savage, iliyokusudiwa kuikaribia .30-06 ya wakati ule kwa ganda fupi.

Kwa anayetumia mkono wa kushoto Savage ni neema, kwa kuwa wenzo hauna upande, ilhali bolti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mkono wa kulia tu. Udhaifu wake ni kwamba wenzo hauna nguvu ya kung'oa kama bolti, hivyo ganda lililovimba au lenye uchafu linaweza kukwama. Isitoshe bolti yake hujifunga kwa nyuma na si karibu na chemba, jambo linalofanya maganda yanyooke kidogo kila yanapofyatuliwa. Anayejaza risasi zake mwenyewe nyumbani, yaani anayetumia tena maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, ataliona hilo mapema. Anayenunua za dukani hataliona.

Mannlicher-Schönauer iliyotengenezwa Steyr, Austria, ndiyo inayowapumbaza watu dukani. Bolti yake huteleza kwa ulaini ambao hakuna kiwanda cha leo kinachojaribu kuufikia, mkono wake ni bapa kama kijiko, magazini yake ni gurudumu lililobuniwa na Otto Schönauer, na ubao wa karabini hufika hadi mdomo wa mtutu. Bunduki ya mwaka 1903 hutumia risasi ya milimita 6.5 kwa 54, yenye kichwa kirefu cha greni 160, yaani gramu 10 na kitu, ambacho hupenya sana kwa teke dogo. W. D. M. Bell, mwindaji wa pembe za ndovu aliyepewa jina la Karamojo kutokana na eneo la Karamoja nchini Uganda, aliitumia pamoja na bunduki yake mashuhuri ya kaliba ya 7x57, na kila muuzaji wa Mannlicher atakukumbusha hilo kabla hujauliza. Lakini Bell alikuwa mtu wa shabaha isiyo ya kawaida, akilenga ubongo kwa karibu katika zama ambazo tembo waliuawa kwa mamia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hakuna anayepaswa kununua bunduki ya kulungu wa Pennsylvania kwa hoja ya tembo wa Karamoja.

Matatizo ya Mannlicher ni ya vitendo. Mwili wake umepasuliwa kwa juu ili mkono wa bolti upite, kwa hiyo kufunga darubini kunahitaji vishikio maalumu vya ubavuni, vya gharama, na mara nyingi vinavyotobolewa kwenye chuma cha asili. Ubao unaofika hadi mdomoni hubadilika kwa unyevunyevu na kuusukuma mtutu, hivyo bunduki iliyolenga vizuri mwezi wa Septemba inaweza kupiga pembeni mwezi wa Novemba. Magazini yake ilichongwa kwa umbo la risasi moja mahususi, na risasi yenye kichwa kifupi au chenye ncha tofauti inaweza kukwama. Aina zilizotoka baada ya Vita Kuu ya Pili, hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1972, zilipatikana pia kwa .30-06 na .270, nazo ni rahisi zaidi kuishi nazo, ingawa mvuto wa ile karabini ndogo ya 1903 umepungua ndani yake.

Kuhusu Tikka hakuna mengi ya kusema, na huenda hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Bolti huteleza vizuri, kifyatulio kinarekebishika, mtutu unalenga kwa usahihi ambao Featherweight nyingi haziufikii, na ikidondoka kwenye mawe hakuna anayelia. Haina kucha ndefu ya Mauser, na magazini yake ya plastiki haimpendezi kila mtu.

Remington 600, bunduki fupi ya mtutu wa inchi 18.5 iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1968, ni nyepesi kuliko zote zilizotajwa hapa na hupatikana kwa .308 na .243. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni iliziita zirudishwe kwa sababu ya kifyatulio, kwa kuwa baadhi ziliweza kufyatuka loki ya usalama ilipoondolewa. Anayeuziwa moja leo atake uthibitisho kwamba kifyatulio kilibadilishwa, na akikosa uthibitisho aichukulie kama haijabadilishwa, ampelekee fundi aweke kingine kabla ya kuweka risasi hata moja ndani.

Risasi: mahali ambapo uamuzi mwingi huishia

Ningependa kila mnunuzi aanze na rafu ya risasi ya duka la karibu na nyumbani kwake kabla ya kwenda kuitazama bunduki. Risasi za .308, .30-06, .270 na .243 zipo karibu kila mahali Amerika Kaskazini, kuanzia maduka makubwa hadi vituo vya mafuta vijijini wakati wa msimu. Za .300 Savage na .250 Savage hutengenezwa kwa awamu, kwa hiyo huonekana na kutoweka, na bei yake ni ya juu. Za .358 Winchester, ambazo wakusanyaji huzipenda sana katika Featherweight, ni adimu zaidi. Za 6.5x54 kwa karabini ya Mannlicher kimsingi ni kazi ya mtu anayejaza mwenyewe, na asiyekuwa na vifaa hivyo, au asiyetaka kujifunza, anunue kitu kingine.

Kwa kipimo hiki pekee Featherweight inaishinda Savage ya kaliba za zamani na kuiacha mbali karabini ya 1903, na inakaa bega kwa bega na Tikka. Savage 99 ya .308 au .243 hulimaliza tatizo lote, na mimi ningeilipia nyongeza kuliko kununua ya .300 kwa bei nafuu.

Kuikagua mezani

Omba bolti itolewe. Mwenye duka anayekataa ombi hilo kwa bunduki ya zamani hastahili fedha zako. Tazama ndani ya mtutu kwa taa ndogo ukianzia upande wa chemba: mifereji iwe na kingo kali, na pasiwe na vishimo vyeusi vya kutu. Bunduki za kabla ya Vita Kuu ya Pili, hasa Mannlicher na Savage za mwanzo, mara nyingi zilifyatua risasi ambazo viwashio vyake viliacha chumvi ndani ya mtutu, na mwenyewe akilala bila kuusafisha, kutu ilianza usiku uleule. Kisha geuza na uutazame mdomo wa mtutu, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale huharibu shabaha kuliko kutu kidogo katikati.

Kwenye Savage, tazama ubao nyuma kabisa ya mwili wa chuma, pale unapokutana na mkia wake. Nyufa nyembamba zinazofuata mshipa wa mbao zipo kwenye nyingi, na muuzaji huziita mikwaruzo. Pitisha ukucha juu yake na utajua. Kama ni ya aina inayogawanyika vipande viwili kwa kubebea, funga na ujaribu kutikisa mtutu kwa mkono, kwani uungio huo hulegea kwa miaka. Kwenye Mannlicher, sukuma gurudumu la magazini kwa kidole gumba: lizunguke bila kusita na kurudi kwa nguvu ya springi yake. Ina kitufe kinachoziachia risasi zote zitoke kwa juu kwa mara moja, na kama hakifanyi kazi, springi au ulimi wake umechoka.

Kwenye Featherweight, fungua skrubu za bamba la nyuma ukiruhusiwa, au angalau litazame kwa karibu. Bamba la mpira linalopunguza teke mara nyingi liliwekwa baadaye, na kuliweka kulimaanisha kukata ubao. Tazama juu ya mwili wa chuma: matundu ya skrubu ya kiwandani yapo kwa ajili ya darubini, lakini matundu ya ziada ubavuni, au skrubu zilizofunika matundu yasiyo na kazi, yanaonyesha kwamba mtu aliwahi kufunga kishikio cha aina nyingine. Rangi nyeusi yenye kung'aa sana juu ya chuma chenye kona zilizolainika ni dalili kwamba bunduki ilisuguliwa na kutiwa rangi upya.

Jaribu usalama wake bunduki ikiwa tupu, baada ya kuthibitisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na magazini havina kitu, na mdomo ukiwa umeelekezwa mahali salama. Weka mtambo tayari, funga loki, vuta kifyatulio kwa nguvu kisha ukiachie, halafu fungua loki bila kugusa kifyatulio. Pini ikiruka, mazungumzo yameisha. Baada ya hapo fundi wa bunduki apime kwa geji nafasi kati ya bolti na ganda, kazi ya dakika chache ambayo haina mbadala.

Bei, na thamani ya bunduki iliyoguswa

Featherweight za kabla ya 1964 katika kaliba za kawaida mara nyingi huuzwa kati ya dola 1,000 na 2,000, na zile zisizoguswa za kaliba adimu hupanda kupita hapo. Mkusanyaji hulipia uasili: rangi ya kwanza, bamba la kwanza, matundu ya kiwandani pekee. Bunduki hiyohiyo ikiwekewa bamba la mpira na kutobolewa mara mbili zaidi hupoteza sehemu kubwa ya bei, ingawa haijapoteza hata chembe ya uwezo wake wa kuwinda. Hapo ndipo penye nafasi ya mwindaji. Jack O'Connor, mwandishi aliyeifanya .270 ijulikane kuliko mtu mwingine yeyote, aliwinda kwa Featherweight ya kaliba hiyo iliyowekewa ubao mpya na fundi, na kwa macho ya mkusanyaji bunduki ya namna hiyo, kama isingekuwa yake, ingehesabiwa kuwa imeharibiwa.

Kwa hiyo anayenunua ili awinde atafute iliyoguswa kwa uangalifu, na anayenunua ili aitunze atafute isiyoguswa na aache kuipeleka mvuani. Kutaka yote mawili katika bunduki moja ni kulipa bei ya mkusanyaji kisha kuishusha kwa matumizi yako mwenyewe.

Sheria kwa mnunuzi mgeni

Hili linawahusu hasa wasomaji wetu walioko ughaibuni. Nchini Marekani, ununuzi kutoka kwa muuzaji mwenye leseni huambatana na kujaza fomu ya shirikisho namba 4473 na kukaguliwa rekodi zako. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida amezuiwa, isipokuwa kwa hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na jibu la uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kuharibu makazi ya mtu. Mwenye shaka juu ya hadhi yake amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Bunduki inayonunuliwa kutoka jimbo jingine hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako, ambaye hufanya ukaguzi na kutoza ada yake.

Bunduki iliyotimiza miaka 50 na kubaki katika hali yake ya asili huhesabiwa kuwa ya kale kwa ajili ya leseni ya wakusanyaji, na mwenye leseni hiyo anaweza kuipokea moja kwa moja nyumbani sheria ya jimbo lake ikiruhusu. Hilo lisichanganywe na kundi la silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, ambazo sheria ya shirikisho inazitazama tofauti kabisa. Takriban Savage 99 zote utakazokutana nazo zimetoka baada ya mwaka huo. Nchini Kanada, bila leseni ya umiliki inayoitwa PAL, inayotanguliwa na kozi ya usalama, hakuna cha kununua, iwe ya zamani au mpya.

Nani achukue ipi

Anayenunua bunduki yake ya kwanza, atakayekuwa nayo moja tu, na atakayewinda mvuani na kwenye theluji, achukue Tikka au mpya nyingine ya aina hiyo, na fedha inayobaki anunulie darubini nzuri na risasi za mazoezi. Sioni hoja ya upande wa pili inayoshinda hapo.

Anayetumia mkono wa kushoto, au anayewinda msituni penye miti mingi ambako kulungu huonekana kwa umbali mfupi, aitafute Savage 99 ya .308 au .243, akiitumia kwa vilengeo vya chuma kadiri macho yake yanavyomruhusu. Mwenye kujaza risasi mwenyewe, mwenye bunduki nyingine ya kazi ngumu, na anayefurahia chuma kilichotengenezwa kwa mkono, anaweza kujiruhusu Mannlicher, ilimradi asijiambie kwamba ameinunua kwa sababu za busara.

Featherweight ya kabla ya 1964, kwa .270 au .308, iliyowekewa bamba la mpira na mmiliki aliyetangulia, ndiyo ya zamani pekee kati ya hizi ambayo ningemshauri mtu aichukue kama bunduki yake kuu. Ikiagizwa kutoka mbali, mpatane kwa maandishi juu ya siku tatu za ukaguzi bila kufyatua, kama ilivyo desturi ya wauzaji wengi, ili fundi apime geji na kuutazama mtutu wakati ambapo bado inaweza kurudishwa. Siku ya kwanza uwanjani piga risasi moja moja, ukiuacha mtutu upoe kabisa kati ya moja na nyingine, kwa kuwa risasi ya kwanza ya mtutu wa baridi ndiyo utakayoitegemea msituni.